Poka kwenye intaneti: programu inakumbuka, lakini kujua ni kwako

Leo sitazungumzia barabara wala bei ya unga. Kijana mmoja wa mtaa wetu hapa Goma, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliniuliza swali ambalo limenikaa kichwani wiki nzima. Anacheza poka kwa intaneti. Rafiki zake wanamsukuma anunue programu ya kufuatilia wachezaji. Akaniuliza: «Mkubwa, nikiinunua nitajua kucheza, ao nitajua tu kusoma programu?»

Kwa wale wasioijua poka: ni mchezo wa karata ambamo kila mtu anaficha zake na watu wanawekeana pesa. Anayeshinda si lazima awe na karata nzuri. Anaweza kupandisha pesa mpaka wengine waogope na kutupa zao. Kwa hiyo kazi kubwa ni kumjua mwenzako. Mkikaa meza moja, unamtazama uso na mikono. Kwenye intaneti humwoni. Hapo ndipo programu inapoingia: inasoma kumbukumbu za kila mchezo zilizohifadhiwa katika kompyuta, kisha inaweka tarakimu kando ya jina la kila mchezaji. Inaonyesha ni mara ngapi kwa mia anaingia mchezoni kwa hiari yake, mara ngapi anapandisha, mara ngapi anakimbia akitishwa.

Tarakimu hizo si uongo. Mtu anayeingia mara 60 kwa mia anacheza karibu karata yoyote. Anayeingia mara 12 anangoja nzuri tu. Lakini kuna mitego. Mtu uliyecheza naye mara 20 anaweza kuonekana mkali, kumbe amepata tu karata nzuri mara 5 mfululizo. Mzoefu anangoja mamia ya michezo kabla ya kuiamini tarakimu. Mwanafunzi anaiamini papo hapo. Tena, tarakimu inasema mara ngapi, haisemi kwa nini. Mtu aliyepoteza pesa saa nane za usiku, mwenye hasira, si yule wa mchana, hata kama programu inamwandikia namba ileile. Mwisho, si kila mahali inaruhusiwa. GGPoker, kwa mfano, hairuhusu programu hizo za nje. Aliyejifunza kwa tarakimu peke yake, akifika huko anabaki kama nyumba iliyokatiwa umeme.

Nilimpa mfano wa Annette Obrestad wa Norway. Mwaka 2007 alicheza shindano dogo la intaneti lenye watu 180 huku amefunika karata zake mwenyewe. Alisema alizitazama mara moja tu, na alishinda. Alitaka kuonyesha kwamba nafasi yako mezani na kuwachunguza wengine ni vitu vizito kuliko karata ulizopewa. Mwaka huohuo, akiwa bado na miaka 18, alishinda shindano kuu la WSOP Europe huko London na kupata pauni milioni 1. Simwambii kijana wetu afunike karata zake. Ninamwambia kwamba jicho linafundishika.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Ninamfahamu mama mmoja aliyetoka Masisi, sasa anauza maharagwe. Kule kijijini aliuza kwa deni, na aliandika kila deni katika daftari kwa mkono wake. Vita vilipofika, daftari lilibaki. Lakini watu alikuja nao kichwani: anayelipa baada ya mavuno, anayelipa akikumbushwa, anayesema kesho bila kukutazama. Ujuzi ule ndio ulimsaidia kuanza tena katikati ya wateja wapya. Daftari halikumharibia akili, kwa sababu aliliandika mwenyewe akifikiri juu ya kila mtu. Programu inaandika kwa niaba yako, nawe unasoma tu. Tofauti iko hapo.

Kijana alinijibu vizuri: wengine mezani wanazo, je, asiye nazo si ataliwa? Ana sehemu ya haki. Anayecheza meza 8 kwa wakati mmoja hawezi kutazama kila mtu, na tarakimu zinamsaidia. Lakini mwanafunzi mwenye meza moja na mega chache ana nafasi ya kutazama.

Nilimwambia asiinunue kwanza. Achukue daftari la shule, na kila anapocheza aandike anavyomdhania kila mtu: huyu mwoga, huyu anatishia. Siku atakapoipata programu, asiifungue mezani. Aifungue baada ya mchezo na kulinganisha. Pale alipokosea ndipo somo lilipo. Na ajitazame yeye mwenyewe humo, kwa maana programu inaonyesha pesa yako inavujia wapi, na hakuna anayejiona vizuri kwa macho yake.

Jambo moja haliondolewi na tarakimu wala jicho. Wenye mchezo wanakata sehemu yao kwenye pesa za mezani. Wachezaji wawili wenye ujuzi sawa, wakicheza muda mrefu, wote wawili wanapoteza polepole. Kwa hiyo pesa ya chakula, ya kodi ya nyumba, ya minerval, ao ile ambayo ndugu amewatumia nyinyi mliohama, isiguse meza hiyo hata siku moja. Kijana alikubali kuanza na michezo isiyo ya pesa. Daftari amenunua, la kurasa 48.