Nyumba ya Beethoven Mjini Bonn

Mji wa Bonn umelala kando ya mto Rhine, nao si mji wa makelele. Nilishuka katika gari moshi asubuhi yenye manyunyu, nikauliza njia kwa ishara zaidi kuliko kwa maneno, hata nikafika katika barabara nyembamba iitwayo Bonngasse. Hapo ndipo alipozaliwa Ludwig van Beethoven, Desemba 1770. Mwaka wa 1889 wenyeji waliunda chama, wakaokoa nyumba hiyo isibomolewe.

Barua na picha nilizipita upesi. (Mwandiko wa bwana yule ni kama nyayo za kuku.) Kilichonisimamisha ni zile pembe za kusikilizia, alizotengenezewa na fundi Mälzel kati ya miaka ya 1812 na 1814, masikio yake yalipokuwa yakifa. Kipo pia kinanda cha Conrad Graf wa Vienna, alichokipata mwaka 1826. Sauti zake nyingi zina nyuzi nne nne, ili zivume kwa nguvu.

Nikamkumbuka kaka yangu. Homa ilimwachia uziwi angali mtoto. Usiku wa ngoma alikuwa akivua makubadhi, akaingia uwanjani, na mguu wake haukukosa mdundo wa msondo hata mara moja. Sisi tulisema kwamba anaiga miguu ya wenziwe. Siku moja vijana wakamzunguka, wakaendelea kucheza hali ngoma imenyamaza, ili wamnase. Yeye alisimama kimya, peke yake. Tukacheka vile vile.

Kumbe sauti ni mtetemo, na ngozi nayo huupokea, hasa ule mzito, usiozidi mara 1,000 hivi kwa sekunde. Evelyn Glennie wa Uskochi, mpigaji ngoma mashuhuri, alikuwa karibu kiziwi kabisa alipotimiza miaka 12. Naye hupiga bila viatu, aipokee sauti kwa nyayo.

Nilinunua kadi yenye picha ya kinanda kile, nikaketi juu ya ukuta ukingoni mwa mto nimwandikie kaka, lakini maneno hayakuja. Tishali kubwa likapita. Nikaweka kiganja juu ya jiwe, na mngurumo wa mtambo wake ukanipanda hata kiwikoni. Ndipo nikaandika: “Kaka, tulikukosea.”