Ukienda Mafia, Piga Hodi



Mwezi uliopita mzee mmoja wa hapa Kisaki alinijia. Binti yake ameolewa Mafia, na sasa amejifungua mtoto wa kwanza. Mzee hajamwona binti yake kwa miaka mitatu. Nauli anayo, kwa sababu mpunga ameuza. Lakini haendi. Anaiogopa bahari. Tena anaogopa kuaibika mbele ya wakwe.

Aliniambia, "Bwana Shamba, wewe umefika huko. Nieleze njia, unieleze na watu wake."

Niliyomweleza ndiyo haya. Huenda hata wewe una ndugu kisiwani.

Mafia ni kisiwa katika Bahari ya Hindi. Kipo mbele ya mahali ambapo mto Rufiji unaingia baharini. Ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, na mji wake mkuu ni Kilindoni. Kisiwa kikubwa kina urefu wa kilomita 50 hivi. Pembeni yake vipo visiwa vidogo kama Chole, Juani na Jibondo.

Kutoka Kisaki unapanda treni ya TAZARA mpaka Dar es Salaam. Uliza stesheni siku ya treni, tena uliza siku hiyo hiyo unayosafiri, kwa maana treni huchelewa. Ukifika Dar es Salaam nenda Mbagala. Hapo utapata basi la kwenda Nyamisati kwa barabara ya Kilwa. Nyamisati ni bandari ndogo iliyopo kati ya mikoko. Huko ndiko unakopanda chombo cha kwenda Kilindoni. Kipo kivuko cha serikali, MV Kilindoni, na zipo boti nyingine.

Sasa nikueleze habari ya maji, kwa sababu sisi watu wa bara hatuijui. Bahari hujaa na kupwa. Hujaa kwa muda wa saa sita hivi, kisha hupwa kwa muda kama huo. Kila siku saa ya kujaa husogea mbele, karibu dakika 50. Leo maji yakijaa saa nne asubuhi, kesho yatajaa karibu na saa tano. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Wenyeji huita siku hizo bamvua.

Kwa hiyo usishangae ukiambiwa chombo kitaondoka saa nane, na jana yake kiliondoka saa saba. Si ujanja wa nahodha. Anafuata maji. Mgeni anayegombana na nahodha kwa ajili ya saa huchekwa na abiria wote.

Upepo nao una majira yake. Kusi huvuma kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba au Oktoba. Katikati ya majira hayo, mwezi wa Juni mpaka Agosti, bahari huchafuka. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba mpaka Machi. Kama safari yako si ya msiba wala ugonjwa, ngoja bahari itulie. Ukisikia kichefuchefu kaa katikati ya chombo, tazama mbali, na usisafiri na tumbo tupu wala tumbo lililojaa.

Lipo jambo moja ambalo halina mjadala. Usipande chombo kilichojaa kupita kiasi, hata kama nauli umekwisha lipa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa ni zaidi ya 200. Wengi wao walikuwa wanatoka gulioni, watu kama mimi na wewe. Ukipanda, uliza majaketi ya kujiokolea yapo wapi. Lako livae kabla chombo hakijaondoka. Usiwaonee haya wanaokucheka.

Haya, umefika Kilindoni. Sasa habari ya watu.

Watu wengi wa Mafia ni Waislamu. Ni wapole, na salamu zao ni ndefu. Usimwendee mtu ukaanza, "Nyumba ya fulani iko wapi?" Kwanza msalimu. Mkubwa mpe shikamoo. Muulize habari za nyumbani, na za watoto. Naye atakuuliza habari za safari. Hayo yakiisha ndipo useme shida yako. Huenda akaacha kazi yake akakupeleka mpaka mlangoni.

Mlangoni piga hodi na usimame pembeni, usichungulie ndani. Ukipiga mara tatu bila kujibiwa, ondoka, urudi baadaye. Ukikaribishwa, vua viatu kabla hujakanyaga mkeka. Kula kwa mkono wa kulia. Kina mama wavae kanga mbili au gauni refu, na kina baba wasitembee mitaani kifua wazi. Mwezi wa Ramadhani usile wala kuvuta sigara njiani mchana, hata kama wewe si Mwislamu. Nyama ya nguruwe usiibebe kabisa. Nyama ya porini pia iache. Hiyo itakupatia kesi kabla hujafika Mbagala.

Na utani wetu wa Wakutu na Waluguru uache stesheni ya Kisaki. Hapa kwetu mtani anaweza kukunyang'anya kofia msibani watu wakacheka. Kule hawajui kama wewe ni mtani wa nani.

Mimi mwenyewe niliaibika huko. Mara ya kwanza nilikwenda kutazama kilimo cha minazi. Asubuhi nilitoka peke yangu, nikapita shambani. Nikaona nazi imeanguka chini. Kwetu embe lililoanguka njiani ni la mpita njia. Basi nikaiokota. Sikupiga hatua kumi, mama mmoja akaniita. Hakunifokea. Alinisalimu, akaniuliza nimetoka wapi na nyumbani nimewaachaje. Kisha akasema taratibu, "Baba, hiyo nazi ina mwenyewe."

Ningependa angenifokea. Nilikuwa nimesimama pale, mtumishi wa serikali, na nazi ya watu mkononi.

Baadaye nilielezwa. Huko ardhi inaweza kuwa ya huyu, na minazi iliyo juu yake ikawa ya yule. Minazi hurithiwa, huuzwa na huwekwa rehani peke yake, mbali na ardhi. Mtu anaweza kuwa na minazi mitano hapa na kumi kule, naye anaijua yote. Nazi iliyoanguka kwake ni daftari la mtoto na mafuta ya taa. Usiseme, "Mbona ipo porini?" Hakuna pori hapo. Nilipomwomba radhi yule mama, alimtuma kijana apande mnazi, akaniangulia madafu mawili. Alikataa pesa. Ukipewa dafu hivyo, kunywa. Kulikataa ni vibaya kuliko kuliokota.

Ufukweni nako kuna sheria. Sehemu ya kusini ya Mafia ni Hifadhi ya Bahari, iliyoanzishwa mwaka 1995. Ndiyo ya kwanza nchini. Usichukue matumbawe wala kombe za baharini kuwapelekea watoto. Kasa haruhusiwi kuuawa, na mayai yake hayaguswi. Ukiona kamba zimetandazwa majini zenye majani, ni shamba la mwani la mtu. Usipite katikati yake, kama vile usivyopenda mtu akukanyagie mpunga. Wala usitembee mbali maji yakipwa, ukaenda kuokota pweza bila mwenyeji. Maji hurudi haraka, na yanaweza kukuzunguka kwa nyuma.

Ukipelekwa Jibondo, tazama unavyotumia maji. Wenyeji wake ni mafundi wa majahazi na wavuvi hodari. Lakini kisiwa chao ni cha mwamba. Kwa miaka mingi maji ya kunywa yalikuwa yakiletwa kwa chombo kutoka kisiwa kikubwa. Ukinawa, nawa kwa kikombe kimoja. Sisi tuliokulia kando ya mto Mgeta tunamwaga maji bila kufikiri.

Yapo mengi ya kutazama. Chole kuna popo wakubwa wanaolala juu ya miti mchana. Juani kuna magofu ya mji wa zamani wa Kua. Viboko wapo, kama wetu, basi jioni usitembee karibu na mabwawa. Kuanzia Oktoba mpaka Machi, papa potwe huonekana karibu na Kilindoni. Ni samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, lakini hali watu. Wageni hulipa pesa kumtazama, na kumgusa hawaruhusiwi. Kwenye vita ya kwanza ya dunia Waingereza waliichukua Mafia kutoka kwa Wajerumani mwezi Januari 1915. Vita hiyo hiyo ilifika hapa Kisaki Septemba 1916. Wazee wa kule wakikusimulia, nawe utakuwa na la kuwajibu.

Mzee aliniuliza apeleke zawadi gani. Mchele wa Kisaki unatosha, na ufuta. Vipande vya mihogo, miche na machipukizi ya migomba asipeleke. Magonjwa ya mimea husafiri ndani ya vitu hivyo, na mwenye navyo haoni kitu. Wakati wa kurudi aje na nazi za kula na samaki wakavu. Nazi za kupanda aziache huko huko, kwa sababu hiyo hiyo.

Aliniuliza tena: akifika bandarini jioni na chombo kimeondoka, atalala wapi? Nilimwambia asiende Nyamisati jioni. Alale Mbagala kwa ndugu. Ampigie simu mkwe wake kabla ya kupanda basi, amuulize maji yanajaa saa ngapi kesho, na chombo gani kinaondoka. Mkwe yupo Kilindoni, anayaona maji kwa macho.

Juzi nimemkuta mzee anapeta mchele. Kilo 20, na mkewe amefuma mkeka wa mtoto. Amenunua pia simu ndogo. Namba ya mkwe ameandika mwenyewe kwa mkono wake nyuma ya tiketi ya treni, kwa maana simu huzimika.