Ulezi-mwitu: Gugu au Ndugu?

Mwanafasihi hushughulika na maneno, nalo neno linalonikera kwa sasa ni 'gugu'. Kwetu Lugulu, kupalilia ulezi (wimbi kwa Wakenya wengi, bulo kwa Wabukusu) ni kazi ya kuinama kutwa. Ugumu wake hautokani na nyasi za kawaida bali na mmea mmoja unaofanana na ulezi mithili ya shilingi kwa ya pili. Kabla haujatoa masuke, hata jicho la mama mzoefu hulaghaiwa. Tofauti hudhihirika mwishoni: ulezi huzishika punje zake hadi aje mvunaji, ilhali mwenzake huzipukutisha ardhini, na msimu ufuatao shamba huwa lake. Si ajabu kwamba mwenye shamba katika Injili ya Mathayo aliwakataza watumwa wake kung'oa magugu kabla ya mavuno.

Waama, huyo tumwitaye gugu ndiye mzazi. Wataalamu wanatuarifu kuwa ulezi ulitokana na ulezi-mwitu katika nyanda za juu baina ya Ethiopia na Uganda, maelfu ya miaka iliyopita, na hadi leo wawili hao huchavushana shambani. (Lugha nayo ina mzaha wake: ulezi ni malezi pia.)

Jirani zetu wa Kitale wanaijua faida ya damu ngeni. Mahindi chotara ya H611, yaliyotolewa huko mwaka 1964, yalipatikana kwa kuoanisha mbegu ya Kitale na mahindi ya kienyeji ya Ecuador. Hata hivyo, mababu-mwitu wa mahindi wako Meksiko. Wa ulezi wako kando ya njia ya kisimani.

Ulezi wa magharibi una mahasimu wawili wakuu: ugonjwa wa kuvu unaokausha masuke, na kiduha, gugu la maua ya zambarau linalofyonza mizizi ya nafaka. Katika mradi wa kimataifa uliofadhiliwa na Norway kuanzia 2011 hadi 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno waliuoanisha ulezi na ulezi-mwitu, wakitafuta ustahimilivu dhidi ya maadui hao. Ni kazi ya subira. Maua ya ulezi ni madogo mno na hujichavusha yenyewe. Aidha, chotara hurithi pia tabia ya kupukutisha punje, hivyo hana budi kurejeshwa kwa ulezi wa shambani kizazi baada ya kizazi.

Simwombi mama yeyote aache palizi. Shamba dogo haliwezi kulisha wawili. Ninachohofia ni dawa za magugu zinyunyizwazo hadi ukingoni mwa njia, katika nchi ambayo miwa na mahindi yameshautwaa uwanja. Mmea usio na jina ila 'gugu' hauna wa kuutetea. Binafsi napendekeza 'ndugu-mwitu'. Aliye na istilahi bora, au jina alilolisikia kwa bibi yake, na atuandikie katika toleo lijalo.