Mvuke Kabla ya Mikono

Pampasi iliyotumika ina uzito wa kushangaza. Mpya inakaa kiganjani kama leso. Ikishalala na mtoto usiku kucha inakuwa nzito kama embe dodo. Mimi nimeushika uzito huo kwa mwaka mzima, kwa glavu mbili mbili, kwa sababu tasnifu yangu ya uzamili inahusu kuua vijidudu kwenye pampasi na pedi zilizotumika ili vilivyomo ndani viweze kutumika tena. Shangazi yangu akiulizwa ninasoma nini husema "mambo ya mazingira", kisha anakaribisha chai.

Ukiichana pampasi utakuta vitu vitatu vya maana. Kuna plastiki, ile ya nje isiyopitisha maji na ile laini inayogusa ngozi. Kuna nyuzi za mbao zilizosagwa mpaka zikawa kama pamba. Na katikati ya nyuzi hizo kuna chembechembe nyeupe kama chumvi, polima inayofyonza maji na kuvimba kuwa jeli. Pedi nyingi za kisasa zina hivyo hivyo, kwa vipimo vidogo. Kila kimoja, kikiwa peke yake na kikiwa safi, kinaweza kupata mnunuzi. Kazi yote iko kwenye hilo neno safi.

Wapo waliojaribu. Huko Spresiano, karibu na Treviso kaskazini mwa Italia, kampuni ya Fater ilizindua mwaka 2017 kiwanda kilichokusudiwa kupokea hadi tani 10,000 kwa mwaka. Hesabu yao naipenda kwa ukweli wake: tani moja ya taka hizo hutoa hadi kilo 150 za selulosi, kilo 75 za plastiki na kilo 75 za ile polima. Jumla kilo 300. Zile 700 nyingine, kwa sehemu kubwa, ni maji yaliyotoka miilini mwetu. Japani, kampuni ya Unicharm hutumia ozoni kusafisha nyuzi za mbao mpaka zirudi kuwa pampasi mpya. Wales, mwaka 2022, nyuzi za nepi zilichanganywa kwenye lami ya kipande cha barabara ya A487. Na West Bromwich, Uingereza, kiwanda cha Knowaste kilifunguliwa 2011 kikafungwa 2013. Huyu wa mwisho ndiye ninayemtaja kwa watu wanaodhani kwamba mashine ikishapatikana, mambo yamekwisha.

Mashine yenyewe si ngeni. Otoklevu ipo karibu kila hospitali kubwa, na kanuni yake ni ile ile ya sufuria ya presha inayoivisha maharage haraka: ukiuzuia mvuke usitoke, maji yanapita nyuzi 100 za sentigredi na kufika 121. Kwa mkasi wa daktari, dakika 15 kwenye 121 zinatosha. Lakini pampasi si mkasi. Mama nadhifu huikunja ikiwa chafu, akaifunga kwa gundi zake za pembeni mpaka ikawa kama mpira wa makaratasi. Ndani ya mpira huo kuna hewa iliyonaswa na jeli iliyojaa maji, na vyote viwili vinachelewesha joto kufika katikati. Ndiyo maana otoklevu ya Spresiano ilikuwa inazunguka, ili zile zilizokunjwa zifunguke zikiwa humo ndani.

Katikati ya kila furushi nilikuwa naweka kichupa chenye vijimbegu vya Geobacillus stearothermophilus, bakteria mgumu kufa kuliko karibu chochote kilichomo kwenye kinyesi cha mtoto. Baada ya mvuke, kichupa kinaatamishwa. Kikibaki zambarau, wamekufa. Kikigeuka njano, wako hai. Pampasi zilizokunjuliwa zilinipa zambarau mapema. Zilizofungwa zilinipa njano tena na tena, na huku geji ya mashine ilikuwa inaonyesha 121 bila kutetereka. Ilibidi niongeze muda mara kadhaa kabla ya kuona zambarau. Tangu hapo, nikisikia mtu anasema taka "zimechemshwa", huuliza: zimechemshwa mpaka wapi?

Wengi huniuliza kwa nini nisiloweke tu kwenye Jiki. Kwa sababu klorini humalizwa na uchafu wenyewe kabla haijawafikia vijidudu, na jeli iliyokwisha kushiba maji haiipokei vizuri. Utapata pampasi inayonukia usafi, na moyo wake mbichi.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kuzipata hizo pampasi. Nilikwenda kwenye kituo cha kulelea watoto huko Mbagala, nikawaomba kina mama. Ili waelewe, nilichana pampasi mpya, nikaiweka kwenye beseni, nikamimina maji mpaka jeli ikavimba kama uji mzito, kisha nikanyunyiza chumvi ya mezani na kukoroga. Jeli ikalegea, maji yakatoka. Viwandani hutumia chumvi nyingine, kama kalsiamu kloraidi, lakini ya jikoni inatosha kumfanya mtu asogee kuangalia. Walisogea. Halafu mama mmoja wa makamo, aliyekuja na mjukuu wake, akaniuliza kwa upole: "Sawa mwanangu, tumeona. Lakini ukishamaliza, cha mjukuu wangu kinabaki na nani?"

Sikucheka, na sidhani kuna cha kuchekwa. Mtaani kwetu kilichotoka mwilini mwa mtoto hakiachwi hovyo, kisije kikaangukia mkono mbaya. Nilimweleza kila hatua, pamoja na mahali ambapo mabaki huteketezwa. Nilipogusia pedi, ambazo sikuwa na ruhusa ya kuzikusanya, chumba kikanyamaza. "Hizo," mwingine akasema, "ni siri ya mtu na choo chake."

Choo chake maana yake shimo. Shimo likijaa, lazima litapishwe, na pedi ndizo zinazoziba pampu. Pampu ikiziba, kuna mtu anayetia mkono, au anayeshuka mwenyewe. Dar es Salaam watu hao huitwa vyura. Siri ya wengi inaishia mikononi mwa wachache, na kwa bei ndogo.

Zisizokwenda shimoni zinakwenda na guta. Kijana anayekusanya taka mtaa ule aliniambia huwa anafungua mafurushi barabarani kutafuta chupa za plastiki za kuuza. "Nikishika kizito nasema hii chupa ina maji, kumbe." Nilimweleza utafiti wangu. Akasikiliza huku akifunga kamba ya mzigo, kisha akauliza, "Dada, hiyo mashine mtaiweka wapi? Maana mkiiweka kule dampo Pugu, mimi nitakuwa nimeshashika."

Swali hilo lilibadilisha sura ya nne ya tasnifu yangu. Spresiano mvuke ulitangulia, mikono ikafuata. Kwetu mikono ndiyo inayotangulia, tena mara mbili au tatu, kabla mzigo haujafika Pugu Kinyamwezi. Kiwanda kikubwa mwisho wa safari kitaokoa plastiki tu. Nilipowasilisha hoja kwamba tuanze na otoklevu ndogo huku chini, kwenye vituo vya watoto na zahanati, niliulizwa soko la selulosi liko wapi. Swali halali. Kupandisha kilo moja ya maji kutoka 27 hadi 121 peke yake hula kama uniti 0.11 za umeme, na bado hujahesabu mvuke wala joto linalopotea. Kilo 75 za plastiki kwa tani hazitalipa bili hiyo. Mimi nasema bili hiyo iandikwe kwenye afya, kama tunavyoandika glavu na sabuni, na plastiki ikipatikana iwe nyongeza. Hawajakubali. Tumekubaliana nioneshe hesabu.

Yule mama wa makamo alitoa pampasi tatu, kwa sharti. Kila moja aliifunga uzi mwekundu kwa fundo lake mwenyewe, akataka nyuzi zirudi kwake. Nilizirudisha zikiwa zimepauka. Akazigeuza geuza, akakagua mafundo, akaridhika. Kisha akashusha sauti, akauliza, "Na zile zetu?"

Nikamwambia kibali changu hakihusu damu, ila nimeshaandika kuomba kiongezwe. Akasema basi atasubiri, uzi anao.