Marumaru Katika Nchi Isiyo na Mawe

Msafiri atokaye Dar es Salaam kuelekea Lindi hufika Kibiti baada ya kilomita zipatazo 140, na kama ni mtu wa kutazama majengo hatakawia kutambua kwamba nchi hii ni ya mchanga, udongo na, kwa upande wa mashariki, matope ya delta ya Mto Rufiji. Hata hivyo mafundi wa hapa hawaishi kuulizwa habari za marumaru.

Katika lugha ya mitaani marumaru ni kigae cho chote king'aacho. Marumaru halisi ni jambo jingine: ni jiwe la chokaa lililogeuzwa na joto na mkandamizo wa ardhi, na ile mishipa ya kijivu au ya kahawia ni udongo na kutu ya chuma iliyonaswa ndani yake. Jiwe la namna hiyo hupatikana hata Morogoro. Fundi stadi huchukua mabamba mawili yaliyofuatana katika jiwe moja, akayafungua ukutani kama kurasa za kitabu, mishipa ikatazamana. Hupendeza mno. Lakini bamba lenye unene wa sentimita 2 lina uzito wa zaidi ya kilo 50 kwa kila mita ya mraba.

Ukuta wa asili wa Rufiji ni wa miti na fito, uliokandikwa udongo. Hubeba makuti, pengine bati, jiwe haubebi. La ajabu ni kwamba mikoko ya delta hii ndiyo iliyobeba majumba ya mawe ya watu wengine. Mwaka 1939 baharia wa Australia, Alan Villiers, alifika hapa na jahazi la Wakuwait lililokuja kupakia boriti, kwani kwao Ghuba miti ya kujengea ni adimu. Hata vyumba vyembamba vya nyumba za kale za Unguja na Lamu vilipimwa kwa urefu wa boriti, aghalabu mita 3 au pungufu. Kuta zenyewe, za matumbawe, zilipambwa kwa lipu ya chokaa tu, na uzuri wake haukupungua.

Wala Mrufiji hakukosa akili ya ujenzi. Bondeni alijenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, mafuriko yakapita chini. Kuanzia mwaka 1968 wakazi wengi wa bondeni walihamishiwa miinukoni. Lakini mashamba yalibaki chini, na watu wakayafuata. Aprili 2024 maji yalifurika Rufiji na Kibiti, yakazoa mashamba na kubomoa nyumba. Udongo ukilowa huyeyuka, na cho chote kilichobandikwa juu yake huenda nao.

Hata matajiri wamewahi kuumizwa na urembo huu. Ghorofa la kampuni ya Amoco huko Chicago, la miaka ya 1970, lilivishwa marumaru nyembamba ya Carrara, Italia. Joto na baridi vikayapinda mabamba, na kati ya mwaka 1990 na 1992 yote yaling'olewa, yakawekwa ya matale. Kibiti hakuna barafu, lakini jua na unyevu vipo tele. Ndani ya nyumba jiwe hili lina usalama zaidi, ilimradi lisiwe karibu na jiko: maji ya ndimu huliunguza likabaki na doa lisilofutika.

Siku hizi yapo pia mabamba ya plastiki yaliyochapwa mishipa. Ni mepesi na hayahitaji ukuta wa nguvu. Kwa maoni yangu hayo ni mapambo ya harusi, wala si ujenzi. Fundi mmoja wa Kibiti alinieleza kwamba mteja humjia na picha ya sebule katika simu, naye humwuliza kwanza habari za msingi na kimo chake kutoka ardhini. Wa mwisho alishauriwa aongeze mistari ya tofali katika msingi, fedha ya marumaru ikaishia huko. Alikubali, ila akaomba abakiziwe ukuta mmoja tu, ule unaoonekana mlango ukiwa wazi.