Ndugu, Umbu na Namba

Katika mashamba ya mkonge ya Korogwe, Ngombezi likiwa mojawapo, mtu aliyeandikwa kazi zama za ukoloni alipewa namba, akapewa na kipande. Jina alilopewa na wazazi wake halikufutwa, ila halikuwa na shughuli mbele ya mnyapara. Kilichoitwa alfajiri ni namba, na kilichotiwa alama jioni ni kipande. Lugha nayo haikukaa kimya: ikawaita wote manamba. Walitoka Kigoma na Songea, Ruanda na Urundi, na wengine Msumbiji, na tangu 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao maalumu ya kuwatafuta huko walikozaliwa, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Hata mmea wenyewe ulikuwa mgeni kama wao. Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na katika miche elfu moja iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika ikiwa hai na kuota.

Miaka ya mwanzo ya 1920 Mrusi Yevgeny Zamyatin aliandika riwaya aliyoiita kwa neno moja, Sisi. Ndani yake raia hawana majina, wana herufi na namba. Nyumba zao ni za vioo ili kila mmoja aonekane, na watoto ni wa dola, si wa waliowazaa. Kitabu kilitoka kwanza New York mwaka 1924, kwa Kiingereza, na nchini kwa mwandishi hakikuchapishwa hadi 1988. Wahakiki wanakitaja kuwa baba wa utanzu wa distopia, yaani zile bunilizi za kisayansi zinazosimulia nchi ya kesho ambamo watawala wamepania kuleta heri kwa nguvu, wakaleta jahanamu. Mjini Moscow au London namba mahali pa jina ilikuwa jambo la kuwazia. Ngombezi ilikuwa jambo la kila asubuhi.

Sasa, mtu akishakuwa namba, udugu wake unakwenda wapi? Huko ndiko utanzu huu unakompiga msomaji mahali panapouma, kuliko katika mitambo na askari wake.

George Orwell, katika 1984 aliyoitoa mwaka 1949, ameweka kisa kimoja ambacho wengi hukiruka wakimbilie chumba cha mateso. Winston, mhusika mkuu, anamkumbuka mdogo wake wa kike wa miaka miwili au mitatu, mgonjwa, mkimya, aliyekonda. Ni wakati wa njaa. Familia imepata kipande cha chokoleti cha mgawo. Mama anakikata, fungu kubwa anampa mvulana, robo anampa yule mtoto. Mvulana anampokonya hata hiyo robo, anatimua mbio. Nyuma yake mama anamkumbatia binti yake. Saa kadhaa baadaye anaporudi, nyumba haina mtu; mama na mtoto wametoweka, na hatawaona tena. Kukumbatia kule hakukurudisha chokoleti wala hakukuondoa kifo, na ndiyo maana Orwell anakusimamisha pale: ni tendo lisilo na faida yoyote kwa Chama, basi Chama hakijui kulifanyia nini.

Anayetaka kukileta kisa hiki katika Kiswahili hukutana na neema ambayo Kiingereza hakina. Kiswahili cha zamani cha pwani kilimwita ndugu wa jinsia nyingine umbu, na washairi walilitumia neno hilo kwa heshima ya pekee, kwa sababu umbu ni wa kulindwa. Leo limebaki kwa wazee na katika diwani, lakini hata lugha ya barazani mara nyingi humtaja nduguyo kwa umri wake: ni mkubwa wako au mdogo wako. Mama wa Winston angezungumza Kiswahili, angeweza kumtaja yule mtoto kwa mwanawe huku akimkumbusha mwanawe yeye ni nani. Mrudishie mdogo wako, angesema, na hukumu ingekuwa imekwisha kupita. Suzanne Collins amejenga The Hunger Games ya mwaka 2008 juu ya jambo hilohilo, pale Katniss anapojitoa kwenda kufa mahali pa Prim, mdogo wake wa miaka kumi na miwili. Ila baada ya pale pa mwanzo hadithi inashughulika zaidi na mapambano. Ama yule mtawala wa Orwell ambaye picha yake iko kila ukuta, tafsiri ya Kaka Mkubwa inamfaa kwa uchungu wake wote, kwani kaka ni yule wa kukimbiliwa.

Miaka mitatu tu baada ya Orwell, mtu wa Tanga alilipeleka suala hili mbali zaidi. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha jirani na mji huo, alikuwa amekwisha kutoa Kusadikika mwaka 1951, nchi iliyoning'inia hewani ambamo wajumbe wanaorudi na habari njema hutiwa gerezani. Mwaka 1952 ikafuata Adili na Nduguze. Mtu atasema hakuna sayansi humo, mna majini na manyani. Ni kweli, lakini amri inayomshika Adili inakwenda kama mtambo. Yeye ni liwali mpole wa Janibu. Kaka zake wawili, waliomtupa baharini kwa husuda, wamegeuzwa manyani. Na jini Huria amemwamuru awachape kila usiku, la sivyo atachapwa yeye. Kila usiku anawachapa. Kisha anatupa mjeledi, analia, anawabembeleza, anawalisha vizuri.

Alfu Lela u Lela nayo ina ndugu waliogeuzwa mbwa wakachapwa. Shaaban Robert anachukua manyani, na mkulima yeyote wa Handeni na Korogwe aliyelinda mahindi yake anajua kwa nini: nyani ana mikono, na akikutazama anakutazama kama mtu. Ila inasikitisha kwamba ndugu hao wameitwa Hasidi na Mwivu tangu utotoni, hata msomaji asipewe nafasi ya kuwatilia shaka kidogo kidogo. Machozi ya Adili ndiyo yanayoiokoa hadithi. Chumba cha mateso cha Orwell kinatisha, lakini anayetesa mle ni mtu baki. Hapa anayepigwa anaujua mkono unaompiga, aliwahi kuushika njiani walipokuwa watoto.

Baada ya uhuru dola yenyewe ililichukua neno ndugu. Ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU ilihusu udugu wa binadamu wote, na katika enzi ya Ujamaa kila raia akawa Ndugu Fulani. Hata barua ya kumwachisha mtu kazi ilianza kwa Ndugu. Ilikuwa nia njema, na pengine ni rahisi mno kuicheka leo. Mkenya wa pwani Katama Mkangi, aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, alilitafuta jambo hilo kwa njia nyingine katika Walenisi ya mwaka 1995. Mtu wake, Dzombo, anahukumiwa kufa, anatiwa katika chombo cha angani, naye anajifunza kukiendesha hadi nchi ambayo jina lake ukilikata linasema wale ni sisi. Zamyatin alikuwa na sisi iliyommeza kila mmoja. Sisi ya Mkangi inaanza kwa kumtazama mwingine.

Manamba hawakungoja chombo cha angani. Mtu wa Kigoma akifia Ngombezi hakuwa na ndugu wa kumwosha, wala umbu wa kumlilia. Lakini misafara ya zamani ya Wanyamwezi na watu wa mrima ilikuwa imeacha utani, na makabila yaliyokutana mkongeni yaliukuza. Mtani ana ruhusa ya kukutukana na kukunyang'anya kofia, na ana wajibu wa kukuzika. Huja msibani amevaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake na sauti yake hata waliaji wakacheka, na akawadai wafiwa pesa kabla hajaruhusu jeneza lipite.