Redio ya Gari Aliyotuachia Baba

Katika mirathi ya marehemu baba yetu, Allah amrehemu, hapakuwa na mengi ya kugawanya. Palikuwa na mashamba ya mpunga hapa Msangano, nyumba, ng'ombe wanne, na gari moja la Toyota Noah lililokwisha kuzeeka. Vyote viligawanywa kwa hesabu ya Sharia, na hakuna aliyenung'unika. Gari lilimwangukia mama katika thumni yake, na kaka yetu mkubwa akawa dereva wake. Kilichobaki bila mgawo ni sanduku la bati lenye kaseti 32, kwa kuwa sote wanne hatukujua kaseti zenye sauti ya baba zinagawanywaje.

Baba alisomesha chuo cha Qur'ani barazani kwake kwa muda mrefu wa maisha yake. Alikuwa na desturi ambayo hatujaiona kwa mwalimu mwingine: kila Alhamisi aliweka redio kaseti katikati ya mkeka na kurekodi darasa zima, yeye akitangulia na watoto wakifuatisha, kisha mmoja mmoja akisoma peke yake. Kaseti hizo hakuziuza wala hakuzigawa. Alizisikiliza baadaye, taratibu, akitafuta makosa aliyopitiwa nayo wakati wa somo. Alipopata gari, safari za kwenda Tunduma ndizo zikawa saa zake za kusahihisha. Mama aliketi kando yake kiti cha mbele, na mara nyingi alikuwa wa kwanza kulikamata kosa.

Kaseti kwake hazikuwa jambo dogo. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika Misri, lakini tajwidi yake aliinyoosha kwa kumsikiliza Sheikh Mahmoud Khalil Al-Husary, ambaye kisomo chake cha msahafu mzima kwa murattal kilirekodiwa Misri na kutolewa mwaka 1961. Kaseti tunayoijua sote ililetwa sokoni na kampuni ya Philips mwaka 1963, na baada ya hapo sauti ya msomaji wa Cairo iliweza kusafiri katika mfuko wa kanzu mpaka vijiji ambavyo havina umeme. Baba alikuwa akisema kwamba mwalimu wake wa pili aliendeshwa kwa betri.

Baada ya msiba, mmoja wetu anayeishi Mbeya aliichukua sanduku ile ya urithi akaifanyia kazi ambayo ilitupasa kuifanya mapema zaidi. Joto la huku bondeni na vumbi la miaka vilikwisha kuziharibu kanda. Nyingine zilinata, nyingine zilivutika hata sauti ikawa kama ya mtu anayezungumza usingizini. Kwa wikiendi kadhaa aliziingiza katika kompyuta moja baada ya moja. Kaseti 11 hazikuokoka. Zilizobaki 21 aliziweka katika kadi ndogo ya kumbukumbu, na kadi akaitia katika pleya ya MP3 isiyozidi ukubwa wa kiberiti, akamletea mama.

Mama alishukuru, akaipokea kwa mikono miwili, kisha hakuisikiliza. Tulipomuuliza, alisema nyumbani hakuwahi kumsikia baba katika redio, alimsikia yeye mwenyewe. Katika redio alimsikia garini. Na kwa kuwa kila mwezi hupelekwa kliniki ya presha Tunduma, alitaka asikilize njiani, kwenye kiti chake, kama zamani.

Basi hapo ndipo taabu yetu ilipoanza, kwa sababu redio ya Noah ile ndiyo iliyotoka nayo kiwandani Japani. Ina mlango wa kaseti na mlango wa CD, na maandishi ya Kijapani ambayo baba aliyasoma kwa mazoea tu. Haina tundu la AUX, haina mahali pa flashi, na Bluetooth haikuwa imefikiriwa. Upande wa kaseti ulikuwa umekufa: mkanda mwembamba wa mpira unaozungusha magurudumu ulikuwa umelegea, na kila kaseti iliyoingizwa ilitapikwa baada ya sekunde chache.

Vijana wa maduka ya vifaa vya magari walikuwa na jibu moja: ng'oeni, wekeni skrini kubwa ya kisasa. Ni jibu lenye akili, na kwa gari jingine tungelifuata. Lakini mama alikinyoshea kidole kitufe cha sauti, ambacho alama zake zimefutika kabisa upande mmoja, akauliza, "Hiki kimechakaa kwa kidole cha nani?" Hatukuzungumza tena habari ya skrini.

Tukanunua transmita, kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara na kurusha sauti ya pleya kwa mawimbi ya FM, redio ikaidaka kana kwamba ni kituo. Ndugu msomaji mwenye gari la zamani la Japani huenda anajua kasoro iliyopo. Redio za magari hayo zilitengenezwa kwa masafa ya kwao, megahezi 76 hadi 90, hali ya kuwa vituo vyetu na transmita hizi hutumia 87.5 hadi 108. Ndiyo maana wengi hufunga ekspanda ili wapate vituo vya hapa. Baba hakufunga, maana hakuwa na haja ya kituo chochote. Kwa hiyo uwanja tuliobakiwa nao ulikuwa mwembamba mno, kati ya 87.5 na 90.

Hapa Msangano, ambako mawimbi ni machache, tulimsikia baba vizuri mno, na mama akalia kidogo kwa furaha. Siku ya kliniki tukaanza safari. Tulipopanda kutoka bondeni na kuukaribia mji, sauti ikaanza kukwaruza. Tunduma ni mji wa mpakani, Nakonde ya Zambia iko ng'ambo ya geti, na hewani kila mtu anasema lake. Baba alikuwa katikati ya Surat An-Naba'i. Ghafla ukaingia muziki wa dansi kwa kishindo, ukamfunika, ukatoka, akasikika nusu ya aya, ukaingia tena. Kaka alizima kwa haraka hata gari likayumba. Mama hakusema neno mpaka kliniki. Wakati wa kurudi aliichomoa transmita kwa mkono wake akaiweka miguuni.

Tunalolisimulia sasa ni aibu yetu wenyewe. Wawili kati yetu, ambao elimu yao ya umeme ni ya kubadilisha balbu, tulijiaminisha kwamba waya ni waya. Tukaifungua dashibodi, tukaivuta redio, tukakuta nyuma yake pulagi mbili, kubwa na ndogo. Tukazifuata waya za spika, tukazimenya, tukaunganisha nazo waya wa hedifoni wa pleya, huku redio ikiwa inawaka. Tulidhani sauti itaingia kwenye spika kwa njia ya mkato. Hatukujua kwamba katika waya za spika za redio kama zile hukaa umeme wa karibu nusu ya ule wa betri, hata pakiwa kimya. Umeme ule ukarudi kwenye pleya. Ilitoa harufu, ikawa ya moto mkononi, ikazimika.

Ndani yake mlikuwa na kadi. Na nakala nyingine ya kadi ile haikuwapo popote duniani. Aliyeko Mbeya alikuwa ameiuza ile kompyuta, akiamini kwamba pleya inatosha. Kaseti zenyewe, baada ya kuchezeshwa mara ya mwisho, nyingi zilikuwa zimekatika.

Tulikaa saa nzima bila kuthubutu kuijaribu kadi ile katika simu. Dada yetu ndiye aliyeichukua, akasema Bismillahi, akaitia katika simu yake. Ilikuwa hai. Hakufurahi nasi. Alisema, "Amana ya baba mmeitia motoni kwa uvivu wa kunakili." Kabla ya Magharibi alikwisha kunakili kadi nne, kila mrithi yake, na ya tano ya mama. Kwa hivyo sanduku lililotushinda kugawanya likagawanyika, na kila mmoja akapata fungu zima bila kumpunguzia mwenzake. Wataalamu wa faraidhi watatuwia radhi kwa hesabu hiyo.

Fundi tuliyempata Tunduma ni kijana anayetengeneza redio na simu katika kibanda chenye meza moja. Tulipomweleza, hakutucheka, jambo ambalo twalitaja kwa shukrani. Alituambia kwamba kosa letu lilikuwa kuingilia mlango wa kutokea. Sauti ndani ya redio, alisema, hutembea kama maji ya mfereji: kichwa cha kaseti hutoa sauti dhaifu sana, hukuzwa kidogo, hupita kwenye kitufe cha sauti, ndipo hukuzwa kwa nguvu na kupelekwa kwenye spika. Mgeni anayetaka kuingia aingie pale katikati, baada ya kukuzwa mara ya kwanza na kabla ya kitufe. Huko sauti ya pleya na sauti ya redio zinalingana kimo.

Kulikuwa na njia nyepesi zaidi, ile kaseti ya bandia yenye waya inayoingizwa mlangoni na kugusa kichwa. Tuliitafuta Tunduma yote hata Nakonde, hatukuiona. Fundi akaamua kulehemu. Alitafuta nukta tatu kwenye ubao wa redio, ya kushoto, ya kulia na ya ethi, akakata njia iliyotoka kwenye kichwa cha kaseti, akaweka mahali pake waya mwembamba wenye ganda la kuzuia kelele. Mwisho wa waya aliutokeza chini ya dashibodi, ukiwa na tundu la kuchomeka pleya. Hakutoboa uso wa redio, maana tulimsisitizia.

Likabaki fumbo moja. Redio haikubali kufungua njia ya kaseti mpaka iamini kwamba kaseti ipo na inazunguka. Fundi akatoa mkanda wa mpira katika redio mbovu, akaufunga katika yetu, magurudumu yakapata uhai. Sasa ilihitajika kaseti yoyote ya kukaa humo daima, izunguke mbele na nyuma bila kutoa sauti, kwa kuwa kichwa kilikwisha kutengwa. Mama alikataa katakata kutoa hata moja katika zile zilizoharibika za baba. Fundi akafungua droo yake na kutoa pekee aliyokuwa nayo. Ilikuwa ya rumba. Ndiyo inayozunguka humo hadi leo, bubu kabisa, wakati mwalimu wa Qur'ani akisoma juu yake. Mama alikuwa amekwenda kuswali Adhuhuri wakati huo, na jambo hili hatukumwambia. Gazeti hili husomewa kila wiki, basi atalijua leo, nasi tunaomba radhi yake hadharani.

Jaribio la kwanza lilitoa mlio mwembamba uliopanda kila kaka alipokanyaga mafuta. Fundi aliutambua mara moja: pleya ilikuwa ikichajiwa kutoka kwenye gari lile lile, ethi zikawa mbili, na kelele ya alteneta ikapata njia. Kuna kifaa cha kuzitenganisha, lakini tulichagua dawa ya bure. Pleya mpya huchajiwa nyumbani usiku wa kuamkia safari.

Mama aliweka sharti lake. Yeye huikumbuka daima aya ya 204 ya Surat Al-A'raf, inayotuamrisha kusikiliza na kunyamaza Qur'ani inaposomwa, na kwake garini si mahali pa ruhusa. Hakuna simu, hakuna bei ya mpunga, hakuna habari za jirani. Mwenye neno aombe pleya isimamishwe kwanza. Tukifika Tunduma, penye foleni ya malori na wabadilisha kwacha wanaogonga vioo, yeye mwenyewe husema, "Zimeni, hapa hatutamheshimu."

Safari ya kwanza baada ya matengenezo tulikwenda sote. Baada ya dua ya safari, kaka alichomeka waya. Ilianza kaseti ya zamani sana, ya kabla ya gari, na watoto wa chuo wakisikika kwa mbali pamoja na jogoo. Walikuwa katika Surat Al-Adiyat. Mtoto mmoja mwenye sauti nyembamba alifika aya ya 6 akairefusha herufi isiyo na madda. "Rudia," baba akasema. Akarudia, akakosea pale pale. "Rudia." Mara ya tatu watoto wenziwe wakaanza kucheka.

Mama alimnyoshea mkono kaka, naye akaisimamisha pleya. Tulikuwa tumekwisha kumtambua mtoto yule, ila kila mmoja alingoja mwenzake aseme.

"Haya," mama akamwambia dereva wake, "isome wewe, nikusikie."

Kaka akasoma, macho yake barabarani, mwenye umri wa miaka 41.

"Rudia," mama akasema.